Madirisha ya Lami

Wenzangu mnaobaki kazini, mmeniomba niandike namna tulivyofanya kazi kabla yenu. Nimekubali, lakini msitegemee habari za vyeo wala za mishahara. Vyeo viligawiwa na watu ambao hawakuwahi kushika kipimajoto, na mishahara mnajua wenyewe ilivyoishia. Nitaandika juu ya jambo nililolishughulikia miaka mingi kuliko lolote jingine: saa iliyomo ndani ya mwili wa mfanyakazi, na mwanga unaoiendesha. Baadhi yenu mmeambiwa kwamba habari hii ni anasa ya hospitali za Ulaya. Aliyewaambia hakukaa nasi Kolwezi.

Niliingia zahanati ya kiwanda nikiwa kijana mwenye cheti kipya na viatu vinavyong'aa kupita kiasi. Kiwanda chetu kilikuwa cha kuponda mawe ya shaba, kuyasaga na kuyaosha, hata ubaki unga unaokwenda kuyeyushwa. Mkuu wa zahanati alikuwa Tata Kabange, yaani Mzee Kabange, Mprotestanti wa upande wa Manono, mtu wa maneno machache na kalamu kali. Alitazama viatu vyangu, akanipa daftari. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa fundi aliyepondeka kidole gumba. Niliandika jina lake, namba yake na kidonda chake kwa mwandiko mzuri wa misheni. Tata Kabange alisoma, akauchana ukurasa.

"Saa kwanza, mutoto," alisema. "Jina yake, bibi yake anaijua. Saa, nani ataikumbuka?"

Tangu siku hiyo niliandika saa kabla ya jina. Niliona ni ukaidi wa mzee. Mwaka wa pili, nilipozipanga zile kurasa kwa kufuata saa badala ya tarehe, niliacha kuona hivyo. Vidole vilivyopondeka, miguu iliyoteleza, macho yaliyorukiwa na vipande vya mawe, vyote havikuja ovyo. Vilijazana saa za mwisho kabla ya mapambazuko, vikapungua jua lilipotoka, kisha vikainuka tena kidogo baada ya chakula cha mchana. Wasimamizi walisema watu wa zamu ya usiku ni wavivu. Wengine walisema kuna pepo wa mto Lualaba anayepita kiwandani kabla ya kucha. Nilimwuliza kila aliyesema: uliona au ulisikia? Hakuna aliyeona. Mimi nilikuwa na daftari, na daftari lilionyesha kwamba mtu yule yule, mwenye mikono ile ile, alijiumiza usiku na hakujiumiza alipohamia asubuhi.

Zana zangu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kipimajoto, ambacho kila muuguzi anacho na wachache hukitumia kwa mtu asiye na homa. Mkimpima mtu mzima wa afya kila baada ya saa mbili, mtaona joto lake linapanda mchana na kushuka karibu na alfajiri, na akili yake inapanda na kushuka pamoja nalo. Ya pili ni rula ya mbao, ya shule, ya sentimita thelathini. Ninaishika kwa juu, mfanyakazi anaweka vidole viwili chini bila kuigusa, kisha naiachia bila kumwonya. Ninasoma imeshuka kiasi gani kabla hajaikamata. Mtu aliye macho huikamata mapema. Mtu ambaye amelala huku amesimama huiacha ianguke chini, halafu anatazama vidole vyake kana kwamba ni vya jirani.

Kwa zana hizo nilijifunza kwamba mwili wa mtu wa usiku haugeuki kwa sababu tu ratiba imegeuka. Kila asubuhi alipanda baiskeli kurudi kambini na jua likimpiga usoni, na jua hilo likaingia machoni na kuuambia mwili: kumekucha, amka. Jicho halitumwi kuona tu. Ndilo mlango ambao mwili unaupitia kusoma saa. Kwa hiyo alifika kitandani mwili ukiwa umeambiwa uamke, na akarudi kazini jioni mwili ukiwa unaambiwa ulale.

Waliokuwa na hali mbaya kuliko wote walikuwa watu wa kabini. Kabini ni chumba kilicho juu ya mikanda ya kubebea mawe, ambamo mtu mmoja hukaa mbele ya ubao wa taa ndogo. Taa ya kijani, mkanda unakwenda. Taa nyekundu, mkanda umekwama, na anatakiwa kuzima mara moja. Wakati wa vita, madirisha ya kabini yalipakwa lami ili mwanga usionekane kutoka nje. Vita viliisha. Lami ilibaki. Waliokaa humo hawakupata jua la kutosha mchana wala taa kali ya kutosha usiku. Saa zote kwao zilikuwa jioni, na vipimo vyao vya joto vilikuwa mstari mnyoofu, bila kupanda wala kushuka, kama vya mtu ambaye mwili wake umekata tamaa ya kujua ni saa ngapi.

Niliandika barua kuomba lami ikwanguliwe. Nilijibiwa kwamba amri ya kupaka ilitoka juu, na amri ya kukwangua haijatoka. Tata Kabange alicheka hadi akakohoa, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka. Niliandika tena mwaka uliofuata, na mwaka uliofuata huo. Nakala ninazo.

Kwa kuwa sikupewa madirisha, nilishughulikia njia ya kurudi nyumbani. Nilikwenda karakana nikaomba miwani mikuukuu ya wachomeleaji wa gesi, ile ambayo kioo chake ni cheusi lakini mtu bado anaona barabara. Niliwaagiza watu wa usiku waivae kuanzia langoni hadi kitandani, na wake zao watundike blanketi dirishani. Zamu ya usiku ilipotoka na kupita mtaa wa Kasulo kwa baiskeli, safu nzima ya miwani myeusi jua likichomoza, akina mama wauza mikate walikuwa wanawangojea.

"Bale basudere," mmoja wao alikuwa akiuliza kila asubuhi kwa sauti ya barabara nzima, "banaendaka kuchomelea nini kwabo? Bukari?"

Walichekwa kwamba wanakwenda kuchomelea ugali, lakini walilala, na rula ikaanza kukamatwa mapema. Sikuhitaji ushahidi mwingine.

Aliyenicheka kuliko wauza mikate alikuwa Tata Mukeba, mtu wa kabini. Babu yake aliletwa kutoka mkoa wa Kasai kuja kuchimba shaba, baba yake alizaliwa Kolwezi, naye vilevile. Alifunga vifungo vya shati hadi shingoni hata katika joto la Oktoba, na alizungumza na wasimamizi kwa Kifaransa kisicho na kosa, jambo ambalo hawakumsamehe. Alikataa rula yangu mbele ya watu. "Mi si mutoto wa masomo," alisema, na kuhusu miwani aliniuliza kama siku hizi ninauza usiku wa mu mufuko. Hatukupatana. Mkewe, Mama Ngalula, ndiye aliyenijulisha baadaye kwamba mumewe alikuwa na miwani hiyo, ameificha ndani ya kofia, na anaivaa akishapita kona ya zahanati.

Ninaeleza haya ili mjue kwamba sikumtetea mtu kwa sababu ya urafiki.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, zahanati ikiwa tayari mkononi mwangu, mambo yote yalianza kuporomoka kwa pamoja. Vipuri havikuja. Mashine moja iliuawa ili nyingine iishi. Kengele ya kabini, ambayo ililia pamoja na taa nyekundu, iling'olewa ikapelekwa kwingine. Nusu ya balbu za dari ziliondolewa, na umeme wa bwawa la Nzilo ulipokuja ulizikuta chache za kuwasha. Wakati huohuo mikutano ilianza kutangaza kwamba shida yetu ina jina, na jina lake ni watu wa Kasai: warudi kwao. Kwao wapi, wengi wao hawakujua, maana hawakuwahi kufika. Waliitwa bilulu, yaani wadudu. Nyumba zilivamiwa. Familia zikakimbilia stesheni, zikalala huko wiki baada ya wiki zikingoja gari la moshi.

Mimi ni mzaliwa wa Katanga ya kaskazini, baba na mama. Niliambiwa mara nyingi kwamba kwa hiyo jambo hili halinihusu. Lilinihusu katika daftari. Watu wa kabini walikuwa wanne, na watatu kati yao walikuwa wa asili ya Kasai. Wawili walifukuzwa, mzaliwa wa Katanga alikuwa bado mwanafunzi wa ubao ule, akabaki Mukeba peke yake. Walimfukuza barabarani na kumhitaji kiwandani. Zamani zamu zilikwenda wiki ya asubuhi, kisha ya mchana, kisha ya usiku, mpango ambao mwili unaweza kuufuata kwa sababu kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kuwahi. Sasa zilikwenda kinyume, tena mbili mbili kwa siku moja. Mkewe na watoto walikuwa tayari stesheni. Yeye alilala stoo ya kiwanda, kwa kuogopa njia, na kutoka stoo alipanda kabini kwa ngazi ya ndani. Wiki nyingi hakuona jua.

Siku moja mchana alikuja zahanati. Vifungo vya shati vilikuwa wazi, na hilo peke yake lilitosha kuwa dalili.

"Munganga," alisema, "mi sijue tena saa. Naamuka, najiuliza: ni asubui ao ni mangaribi?"

Nilikuwa nimesikia kutoka kwa mlinzi wa lango kwamba Mukeba anakunywa lutuku stoo. Nilimpa vidonge vya vitamini na mahubiri mafupi juu ya pombe kali. Alichukua vidonge, akaondoka.

Siku ya nne baada ya hapo, mkanda mkuu ulikwama. Ilikuwa saa nane na robo mchana, jua kali nje. Rola ziliendelea kuzunguka chini ya mkanda uliosimama, mpira ukapata moto, ukawaka. Fundi mmoja aliungua mikono akiuzima, nami nilimfunga bendeji. Taa nyekundu ya kabini ilikuwa imewaka muda wote huo, na Mukeba alikuwa mbele yake, kitini, macho wazi. Mkanda mwingine haukuwapo kokote. Kabla ya jioni mji mzima ulijua kwamba mtu wa Kasai amechoma kiwanda kabla ya kuondoka. Mji haukuwa kabini, lakini ulijua.

Mkuu wa kiwanda aliniita ofisini. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye haraka.

"Munganga, nipe sertifika," alisema. "Mistari mbili tu. Alikuwa muzima, alikuwa macho. Bengine batamalizia."

Nilimwuliza hao wengine ni akina nani. Alitazama nje kupitia dirisha lake, ambalo lilikuwa safi. Tulielewana vizuri. Mtu mzima aliye macho, akiacha mkanda uwake, ni mtu wa sabotaji, yaani mhujumu. Na wiki ile mtu wa sabotaji mwenye jina la Kasai hakufikishwa gerezani. Alitolewa nje ya lango, na nje ya lango walikuwapo vijana wenye mapanga na matairi. Mistari yangu miwili ndiyo ingefungua lango.

Nilimwambia siandiki kabla ya kupima. Mukeba alikuwa amefungiwa stoo. Nilinusa pumzi yake, nikapima mapigo ya moyo, nikatazama macho. Hakuwa na pombe. Nilimwachia rula mara kumi, na safari hii hakukataa. Mara saba ilianguka sakafuni. Nilimpima joto kila baada ya saa mbili, hadi jioni na tena kesho yake. Mstari ulikuwa mnyoofu. Mlinzi wa lango nilimwita nikamwuliza aliona chupa lini. Alisema hakuona, aliambiwa.

Kamati ya uchunguzi iliundwa: mkuu wa kiwanda, karani wake wa kupiga taipu, na kijana aitwaye Mwepu aliyewawakilisha vijana wa mtaa, kwa sababu siku hizo hapakuwa na mkutano ambao vijana wa mtaa hawakuwakilishwa. Nilidai kikao kifanyike kabini. Nilisema muuguzi hutoa maelezo mahali pa ajali, na kanuni hiyo ipo, ingawa hakuna aliyewahi kuisoma isipokuwa mimi. Mkuu alikubali kwa kuwa kabini angekuwa pia karibu na waliokuwa wakiunga mkanda chini.

Kikao kilianza saa saba na nusu mchana, baada ya chakula. Chumba kilikuwa na joto, pampu zikinguruma chini, mwanga ukiwa ule ule wa jioni isiyokwisha. Mwepu alichukua kiti cha Mukeba mbele ya ubao.

"Acha nikae hapa," alisema, "nione byenye alikuwa anaona. Taa nyekundu si kitu ya kuficha. Hata kipofu ataiona."

Nilimwambia ni wazo zuri, akae. Kisha nilimwomba karani asome ripoti ya ufundi yote, pamoja na orodha ya vifaa. Ilikuwa ndefu. Mwepu alikuwa amelinda kizuizi cha barabara usiku kucha, kama kila usiku wa mwezi ule, yaani naye alikuwa mtu wa zamu, ijapokuwa hakuna aliyempangia. Nilikuwa nimepatana na fundi umeme. Saa nane na dakika kumi taa nyekundu iliwaka, kimya, kwa kuwa kengele haikuwapo. Ilikuwa hatua moja kutoka pua ya Mwepu. Macho yake yalikuwa wazi. Karani aliendelea kusoma. Mkuu wa kiwanda alikuwa ameegemeza kidevu mkononi. Mimi nilitazama saa yangu ya mkono na kuandika.

Niliacha dakika tisa zipite.

"Mwepu," nikasema, "mbele yako kunawaka taa gani?"

"Ya kijani," akajibu upesi. Kisha akaiona.

Karani alianza kucheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Mwepu alisema nilimfanyia hila. Nilikubali kwamba ni hila, na nikamwuliza ikiwa yeye pia alitaka kuchoma kiwanda. Mkuu wa kiwanda alisugua uso kwa viganja viwili. Naye hakuiona.

"Sawa," alisema hatimaye. "Andika alisinzia. Tunamufukuza kazi, basi."

Nilikataa hilo pia. Neno kusinzia linamweka mtu peke yake na kosa lake. Niliandika kwamba mfanyakazi hakuwa mlevi, hakuwa mgonjwa na hakuwa na nia mbaya. Niliandika kwamba aliwekwa zamu mbili mbili, kinyume cha mpango, katika chumba ambacho madirisha yake yamefunikwa kwa lami, bila kengele, na kwamba mwili uliokoseshwa mwanga kwa muda huo huacha kutofautisha saa, na macho yake huweza kubaki wazi huku akili imezima. Niliandika kwamba wajumbe wawili wa kamati walithibitisha jambo hilo kwa miili yao wenyewe, nikataja majina na dakika. Mkuu alikataa kutia sahihi yake. Nilitia yangu peke yangu, nikapiga mhuri wa zahanati juu ya nakala tatu. Mukeba alitolewa stoo jioni, akapelekwa stesheni ndani ya gari la wagonjwa, amelala chini ya shuka. Dereva aliniuliza mgonjwa ana nini. Nilimwambia ana jina.

Keshokutwa yake gari la moshi lilifika. Niliambiwa kwamba vijana wana orodha ya watu wa sabotaji wasioruhusiwa kupanda. Kwa kuwa niliambiwa tu, nilikwenda kuona. Nilivaa koti jeupe, nikachukua nakala moja. Stesheni ilikuwa imejaa magodoro, masufuria, cherehani, watu wanaoharisha niliowatambua kutoka mbali kwa rangi ya uso. Mbele ya mabehewa alisimama Mwepu na wenzake watano. Orodha ilikuwapo kweli. Mukeba alikuwa amewekwa kando, na Mama Ngalula alikuwa amekaa chini ameshika mguu wa suruali ya mumewe, kwa mkono mmoja, bila kulia.

"Tata, huyu anabaki," Mwepu aliniambia. "Jina yake iko mu liste."

"Liste, nani aliandika?"

"Batu."

"Batu gani? Balimuona?"

"Banasema." Kisha akakunja uso. "Munganga, weye ni mutu wa huku. Sababu gani unateteaka bilulu?"

Nilifungua karatasi yangu nikavaa miwani ya kusomea. Nilimwambia kwamba mimi pia nina orodha, na yangu ina mhuri. Imeandikwa humo siku ya kabini, saa nane na dakika kumi, nani alikaa mbele ya taa nyekundu kwa dakika tisa asiione. Nilimwuliza, kwa sauti ya kawaida, kama niisomee stesheni nzima au wenzake watano tu.

"Nani huyo?" mmoja wa wenzake aliuliza. Alikuwa ameanza kutabasamu.

Mwepu alitazama karatasi, akatazama wenzake. Mtu anaweza kuogopwa mji mzima na bado akashindwa kubeba kicheko cha rafiki zake watano. Alikunja orodha akaitia mfukoni.

"Muache apande," alisema. "Ni mugonjwa wa munganga. Atatuambukiza."

Familia ilipanda behewa la mizigo. Mukeba alikuwa wa mwisho. Nilimpa nakala, nikamweleza kwamba huko aendako mwajiri yeyote akiuliza habari za moto, aonyeshe hiyo. Hakunishukuru. Aliisoma yote pale pale, amesimama mlangoni, polepole, kwa kuwa macho yake hayakuwa yamezoea mchana.

"Ulisemaka mi nakunywaka lutuku," alisema.

"Nilisema."

"Ulinionaka na chupa?"

"Hapana. Nilisikia."

"Na ile siku nilikuya kwako, kukuambia sijue tena saa. Iko humu?"

Haikuwamo. Nilikuwa nimeandika juu ya lami, juu ya ratiba, juu ya kengele, juu ya usingizi wa wengine. Sikuwa nimeandika kwamba siku nne kabla ya moto mgonjwa alinijia kwa miguu yake, akanieleza ugonjwa wake kwa maneno sahihi kuliko ya kitabu chochote, nami nikamrudisha kabini na vidonge.

"Basi andika," alisema, akanirudishia karatasi. "Si weye unasemaka batu baandike byenye baliona."

Niliiweka juu ya ubao wa behewa nikaandika pembeni: mgonjwa alifika zahanati siku nne kabla ya ajali, muuguzi alitegemea uvumi, hakumpima, alimruhusu arudi kazini. Nikatia sahihi kwa jina langu kamili. Alisoma, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo cha mfuko, halafu vingine vyote, kimoja kimoja, hadi shingoni. Gari liliondoka saa nne na dakika ishirini.

Nilirudi kiwandani nikaandika maneno hayo hayo kwenye nakala mbili zilizobaki. Karani alinisihi nisifanye hivyo, akisema ninampa mkuu kisu mkononi. Alisema kweli. Mkuu, ambaye alikuwa hajapata namna ya kuikataa sertifika yangu, sasa aliipata ya kunikataa mimi: barua ikaandikwa kwamba ninahamishiwa zahanati ndogo ya Nzilo kwa uzembe kazini. Lakini ili anihukumu kwa maandishi yale ilimbidi ayatie kwenye faili, pamoja na karatasi yote iliyoyabeba, na tangu siku hiyo faili la moto halina mahali panaposema sabotaji. Nimelisoma mwenyewe mwaka huu, kabla ya kukabidhi funguo.

Siku yangu ya mwisho kiwandani, kabla ya uhamisho ule, nilipanda kabini na kisu cha kukwangulia rangi nikakwangua dirisha la mashariki, lote, hadi kioo kikaonekana. Ilinichukua asubuhi nzima. Nilipata barua ya onyo kwa kuharibu mali ya kampuni bila amri, nikaijibu kwa kurasa nne na kuishinda. Katika maisha yangu ya kazi nilipinga kila adhabu niliyopewa. Ile ya Nzilo sikuipinga.